JOTO LA KASKAZI NA BANDA LAKO: SOMO KWA WAUZAJI WA KUKU NA MAYAI MTANDAONI



Somo la leo ni la wale mnaopokea oda za kuku na mayai kwa WhatsApp na Instagram huku mnafuga wenyewe nyuma ya nyumba. Kuanzia Disemba mpaka Machi huku Dar, Pwani, Tanga na Zanzibar ndiyo miezi ya joto kali. Na ndiyo miezi hiyohiyo oda zinakuwa nyingi, maana kuna Krismasi, kuna Mwaka Mpya, na harusi nazo hazikosekani. Yaani soko likichangamka, banda linachemka. Ukipoteza kuku 20 wiki ya Krismasi hujapoteza kuku tu, umepoteza na watu 20 uliowaahidi.

Mimi sijasomea mifugo. Shule niliishia kidato cha nne, nina duka la rejareja, na kuku nimewajifunza kwa kufuga, kuuliza mabwana mifugo na kusoma. Nitakupa kile ninachokitumia mwenyewe na sababu yake, ili hata banda lako likiwa tofauti na langu ujue pa kuanzia.

KWA NINI KUKU ANATESEKA KULIKO WEWE

Kuku hatoki jasho. Ukishika hilo, mengine yote utayaelewa.

Sisi tukipata joto tunatoka jasho, upepo ukipita tunapoa. Kuku hana hiyo njia. Mwili wake wenyewe tayari una joto la nyuzi kama 41, halafu amevaa koti la manyoya. Anachoweza kufanya ni kutanua mabawa ili upepo upite ubavuni, kusukuma damu kwenye upanga wa kichwani na miguuni, na kuhema mdomo wazi ili unyevu utoke kwenye pumzi.

Kuku mkubwa anajisikia vizuri kwenye nyuzi 18 mpaka 24. Akikaribia nyuzi 30 anaanza kuhema. Zikipita 35, na hewa imesimama, hapo unazungumzia vifo, hasa kuku wa nyama wa wiki ya tano na ya sita, maana ana mwili mkubwa na anatengeneza joto jingi mwenyewe. Kwa hiyo joto linaua kwanza wale uliokwisha kuwalisha sana na uliokuwa unakaribia kuwauza.

Kwa wenye kuku wa mayai, hasara inakuja kimyakimya. Kuku akihema sana, hewa chafu inatoka mwilini kupita kiasi, damu inabadilika, na chokaa ya kutengenezea ganda haifiki vizuri. Ndo maana msimu wa joto unaona maganda laini, mayai yanapasuka ndani ya trei kabla hata bodaboda hajafika. Na kwa kuwa anakula kidogo, anataga kidogo na mayai yanakuwa madogo.

Piga hesabu hii ya mfano. Una kuku 200, wanataga mayai 160 kwa siku. Joto likawashusha mpaka 130. Hayo ni mayai 30, trei moja kila siku. Mwezi mmoja ni trei 30. Tuseme unauza trei 9,000, umepoteza 270,000 na hakuna kuku aliyekufa. Bado hujahesabu yaliyopasuka. Sasa linganisha na bei ya kopo la rangi nyeupe au mzigo wa makuti, utaona hela ya kupoza banda siyo matumizi ya bure.

KWANZA PIMA BANDA LAKO

Usinunue kitu chochote kabla hujafanya vipimo hivi vinne. Fanya saa 8 mchana, jua likiwa kali.

1. Ingia bandani, chuchumaa kichwa chako kiwe karibu na usawa wa kuku. Kaa dakika tano. Macho yakiwasha au pua ikichoma, kuna hewa ya mkojo wa kuku imejaa humo. Ukisimama wima hutaisikia vizuri, lakini kuku anaivuta mchana na usiku.

2. Funga uzi mwepesi kwenye kijiti, ushike usawa wa kuku, katikati ya banda na kwenye kila kona. Uzi ukining'inia bila kucheza, upepo haufiki hapo.

3. Nyoosha mkono juu kuelekea bati. Ukihisi joto linakushukia kama umesimama karibu na jiko, tatizo lako kubwa ni paa.

4. Tundika kipimajoto usawa wa kuku, siyo juu kwenye mbao na siyo sehemu jua linapopiga. Andika namba asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu.

Ukimaliza utajua adui yako ni paa, ni upepo au ni msongamano. Wengi wanakimbilia feni wakati adui ni bati.

PAA

Bati tupu likipigwa na jua linaweza kupita nyuzi 50. Kuku wako chini wanapokea joto hilo kutwa nzima. Kuna njia tatu za kulizuia, chagua kulingana na mfuko.

Njia ya bei ndogo ni kuweka makuti juu ya bati, au matawi ya mnazi, au nyasi kavu, ukafunga vizuri upepo usiyapeperushe. Jua linapiga makuti, bati linakaa kivulini. Ubaya wake ni kwamba makuti yanaficha wadudu, kwa hiyo kagua utitiri kwa kuku wako mara kwa mara, na usiwashe moto karibu.

Njia ya pili ni kupaka bati rangi nyeupe ya mapaa upande wa juu. Cheupe kinarudisha jua, cheusi na kutu vinalimeza. Bati lililozeeka likawa la kahawia ndo baya kuliko yote.

Njia ya tatu ni dari. Siyo lazima ununue mbao za dari. Mikeka ya zamani, viroba vilivyoshonwa pamoja, hata maboksi magumu yanafaa. La msingi acha nafasi kati ya dari na bati, na pembeni pawe wazi ili hewa ya moto itoke. Ukiziba kila kitu, umetengeneza oveni.

Kama ndo unajenga sasa hivi, nyanyua paa. Banda fupi unaloingia umeinama halifai Pwani. Na acha paa litokeze nje ya ukuta karibu mita moja. Litazuia jua la mchana na mvua ya masika kwa pamoja.

UPEPO

Wavuvi wanajua hili kuliko sisi. Miezi ya joto upepo unaovuma ni kaskazi, unatokea kaskazini-mashariki. Kuanzia kama Aprili unakuja kusi, unatokea upande wa kusini. Sasa mtu anajenga banda, upande wa kaskazini anaweka ukuta wa tofali mpaka juu kwa kuogopa wezi, halafu analalamika kuku wanakufa kwa joto. Bwana, upepo wa Mungu umeupiga komeo.

Banda lielekee hivi: urefu wake uende mashariki hadi magharibi. Zile kuta fupi ndo zitazame jua linapochomoza na linapozama, hizo unaweza kuziba. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, hizo ziwe wazi. Chini weka tofali kozi mbili au tatu, kama nusu mita, kuanzia hapo mpaka juu ni wavu. Wezi wazuie kwa nondo nje ya wavu, siyo kwa ukuta.

Upana nao una kazi. Banda likiwa pana sana upepo unaishia njiani. Kwa sisi wadogo mita 4 mpaka 6 zinatosha kabisa.

Najua wengi mmeshajenga na banda limeegemea ukuta wa fensi. Fanya haya:

- Toboa au badilisha tofali za chini, weka zenye matundu, pande zote mbili zinazotazamana. Juu karibu na paa acha wazi. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda na kutokea juu. Hewa ya ubaridi inaingia chini kuchukua nafasi yake. Tundu la upande mmoja tu halisaidii, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea.
- Ondoa magunia, kuni, matenga na baiskeli mbovu zilizorundikwa kwenye wavu. Hili ni bure na linaleta mabadiliko siku hiyohiyo.
- Fyeka majani marefu kuzunguka banda. Mti wa kivuli acha, lakini punguza matawi ya chini yanayozuia upepo.

Kuhusu mapazia ya viroba: yafunge kwa chini, yafunguke kuanzia juu kushuka. Ukifungua kutoka chini, upepo wa usiku unapiga vifaranga moja kwa moja na hewa ya moto juu inabaki. Mchana wa joto shusha yote.

FENI NA KUNYUNYIZA MAJI

Feni inasaidia ikipuliza usawa wa kuku na ikisukuma hewa kuelekea upande ulio wazi. Feni ndani ya banda lililozibwa inazungusha moto uleule. Nyaya ziwe juu, mbali na maji na midomo ya kuku.

Kunyunyiza maji, sikiliza vizuri. Maji yanapoza yanapokauka. Dodoma na Singida hewa ni kavu, maji yanakauka haraka, mbinu inafanya kazi. Huku Pwani hewa tayari imejaa unyevu, nguo zenyewe zinachelewa kukauka. Ukinyunyiza bandani bila upepo mkali unaongeza mvuke, na kuku ambaye anapoa kwa kuhema anakosa pa kuutoa unyevu wake. Pia unalowesha maranda, hewa ya mkojo inazidi. Ukitaka kutumia maji Pwani, mwagia juu ya bati na kwenye ardhi ya nje upande upepo unapotokea. Ndani acha pakavu.

MSONGAMANO NA MATANDAZO

Kila kuku ni kajiko kadogo. Ukiwajaza, wanapashana moto.

Wakati wa ubaridi kuku wa nyama 10 kwa mita moja ya mraba wanavumilika. Msimu wa joto weka 7 au 8. Banda la mita 4 kwa 5 lina mita za mraba 20, kwa hiyo badala ya 200 weka 140 mpaka 160. Kuku wa mayai wanaokaa chini weka 5 mpaka 6.

Najua inauma kupunguza kuku wakati oda ni nyingi. Lakini 150 waliofika sokoni ni zaidi ya 200 walioingia bandani. Mbinu ninayoitumia mimi: natangaza oda ya awali mapema, nauza sehemu ya kuku wakiwa wadogo kidogo, wiki ya tano mwanzoni, kwa wateja wa mishikaki na supu. Waliobaki wanapata nafasi ya kunenepa.

Matandazo ya maranda au pumba za mpunga yasiwe mazito sana miezi hii, sentimita 5 zinatosha. Yageuze kila siku asubuhi, na yaliyolowa chini ya vyombo vya maji yatoe siku hiyohiyo.

MAJI NA CHAKULA

Kuku mkubwa wa mayai siku ya kawaida anakunywa kama robo lita. Joto likipanda anaweza kufika nusu lita au zaidi. Kuku 200 ni kutoka lita 50 kwenda lita 100. Je, vyombo vyako vinatosha, au wanyonge wanasubiri wababe wamalize?

- Ongeza vyombo na uvitawanye, kuku asitembee mbali kwenye joto.
- Simtanki na mpira wa maji viwe kivulini. Maji yaliyolala juani kuku hayanywi.
- Badilisha maji saa 6 mchana hata kama chombo hakijaisha. Chupa ya barafu ndani ya ndoo inafaa. Mtungi wa udongo nao unapoza vizuri.
- Vitamini na chumvichumvi za kuku nunua duka la mifugo, fuata kipimo cha kwenye pakiti. Usikoroge chumvi ya jikoni kwa kukadiria, inaua.

Chakula kikisagwa tumboni kinatoa joto. Kuku wa nyama walishe alfajiri, saa 4 asubuhi nyanyua vyombo vya chakula, rudisha saa 10 jioni. Maji yasitoke hata dakika moja. Kuku wa mayai wape theluthi asubuhi mapema na kilichobaki jioni, usiwamwagie kipya mchana. Chokaa ya ganda wape jioni, maana ganda linatengenezwa usiku.

Tahadhari ya vifaranga: somo hili siyo lao. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 mpaka 35, halafu unapunguza kidogokidogo kila wiki. Mchana wa Januari wanaweza wasihitaji jiko, usiku wanahitaji. Ukitumia jiko la mkaa, hewa safi lazima ipite. Moshi usioonekana wa mkaa unaua vifaranga, na wewe pia ukilala humo.

SIKU MAMBO YAKIHARIBIKA

Dalili: kuku wote wanahema mdomo wazi, mabawa yametanuka, hawali. Ikizidi wanalala ubavu na shingo imelegea. Fanya kwa mpangilio huu:

1. Shusha mapazia yote, fungua mlango.
2. Toa chakula, weka maji ya baridi.
3. Pita katikati yao polepole. Wakisimama, joto lililokwama chini yao linatoka. Usiwakimbize.
4. Waliozidiwa watoe nje kivulini, walowanishe miguu na mwili kwa maji ya kawaida, kichwa kibaki juu. Usitumie maji ya barafu.
5. Mwagia bati maji.

Aliyekufa mtoe, mzike au mteketeze. Hapa nisema wazi: kuku aliyekufa kwa joto ni kibudu. Usimkate shingo akiwa ameshakufa ukamtumia mteja kama nyama safi. Wapo wanaofanya hivyo. Mteja hakuoni ukichinja, amekuamini kwa picha na meseji tu, na pengine nyama hiyo analisha watoto au wageni wa dua. Mpigie umwambie kuku hawakutosha, mrudishie hela yake leoleo. Mimi nimeshawahi kurudisha hela za watu tisa kwa siku moja. Saba kati yao bado ni wateja wangu.

JOTO NA ODA ZAKO

- Funga kupokea oda jioni, sambaza saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Kuku hai asiwe juu ya bodaboda saa 7 mchana kichwa chini.
- Tenga lisijae, na lisifunikwe na turubai.
- Mteja akitaka video ya kuku, mrekodie asubuhi. Kuwakimbiza mchana ili upate picha nzuri ni kuwaua.
- Kuku aliyechinjwa asafiri kwenye deli lenye barafu.
- Mayai okota mara tatu au nne kwa siku, yaweke ndani penye ubaridi, siyo dirishani dukani. Kama una jogoo, uwe makini zaidi, yai lenye mbegu likipata joto linaanza kujitengeneza ndani.
- Chanjo na kuhamisha kuku fanya alfajiri au jioni tu.

UANZE NA NINI?

Huna hela kabisa: ondoa vitu vilivyoziba wavu, nyanyua chakula mchana, badilisha maji saa 6, geuza maranda, punguza kuku.

Una hela kidogo: makuti au rangi nyeupe, vyombo vya maji vya kuongeza, kipimajoto.

Una hela ya kutosha: toboa kuta, nyanyua paa, weka dari, mwisho kabisa feni.

Fuata mpangilio huo, usiruke. Baada ya kila hatua rudia vipimo vile vinne saa 8 mchana na uandike namba. Namba ikishuka hata nyuzi mbili, kuku watakuonyesha kwenye trei.

Kama banda lako lina ukuta wa fensi pande tatu, tuandikie vipimo vyake na upande jua linapochomoza, tuangalie pamoja pa kutoboa. Na kama unamjua muuzaji mwenzako aliyejaza banda kwa ajili ya sikukuu, mtumie somo hili leo, kabla jua la kesho.

Kila la heri kwenye biashara.